Mvua Mliyotuficha

Voi,
19 Novemba.

Kwa Kaka Hillary,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Daisy pamoja na watoto. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimetulia tangu mlipompeleka zahanati, na kwamba ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa amezaa salama. Mimi ni mzima. Nalala, naamka, nakula. Zaidi ya hapo sina la kujisifia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Najua utauliza kwa nini niandike wakati simu iko. Simu nimeijaribu. Kila nikianza kusema unaniambia, "Tryphena, kumbuka unaongea na nani," nami kwa malezi tuliyolelewa nanyamaza, kisha wewe unaendelea. Karatasi haikatizwi. Valentine ameshuka sokoni leo na kesho anapanda, amekubali kukuletea bahasha hii mkononi. Isome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Mimi nimeshakasirika kwa niaba yetu wote.

Ulinipigia Jumamosi ukaniomba jambo. Ulisema niingie kwenye kikao cha kazini Jumatatu, niwaambie kwamba asubuhi ya tarehe nane niliwapigia nyinyi watu wa Ngulukenyi kuwasalimu tu, nikasahau kuuliza habari za mvua. Ulisema ni neno dogo. Ulisema mimi sina mtoto wa kulisha, nikifukuzwa kazi nitapata nyingine, lakini Ngulukenyi ikikatwa kwenye chakula cha msaada, kijiji kizima kitalala njaa. Uliongea kwa upole, kaka, upole wa mtu anayemshika kuku kabla ya kumchinja. Sikukujibu. Jibu ni hili.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nimesikia uliwaambia watu barazani kwamba huku Voi nalipwa kwa kuwashika wageni mikono wasiteleze. Kampuni ya Austin inawashusha watu kwa kamba ndani ya lile korongo lililo juu ya barabara ya Mwatate, ambako mto wetu unapita kabla ya kufika tambarare. Unaingia juu, unashuka poromoko moja baada ya jingine, na ukishaingia hakuna njia ya kutoka mpaka mwisho. Kuta zake ni ndefu kuliko mnara wa kanisa letu. Siku kavu maji yanakufika magotini. Mvua ikinyesha milimani, maji yanakuja yote kwa pamoja, na aliye ndani ni kama panya kwenye mfereji. Huku chini jua linaweza kuwa linawaka, vumbi linapeperuka, na mafuriko yako njiani.

Anayeshuka na watu ni Mutinda. Anayesema waende au wasiende ni mimi. Mutinda alinibandika jina la Waziri wa Mvua, na asubuhi alikuwa akisimama mbele yangu amekaza mikono kama askari, anauliza kama serikali imeruhusu. Jioni nasoma utabiri wa hali ya hewa, naangalia picha za setilaiti, naandika nilichokiona. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka tangu kidato cha pili kwa kuandika tarehe na mawingu kila siku kama karani wa Mungu. Tabia hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Lakini utabiri wa simu unaijua Voi, hauwajui nyinyi. Unaweza kuandika jua wakati Ngulukenyi watu wanatembea wamejifunika magunia. Na wingu juu ya milima yetu ni kofia ya kila siku. Picha haiwezi kukwambia kama limebeba maji au limebeba baridi tu.

Kwa hiyo asubuhi, kabla watu hawajavaa kofia ngumu, napiga simu kwenye nyumba tatu zilizo karibu na chemchemi za mto: kwa Mama hapo kwako, kwa Valentine, na kwa Mzee Hudson. Nauliza maswali yale yale. Usiku imenyesha? Sasa inanyesha? Mto ukoje? Mmoja tu akisema imenyesha, hakuna kushuka, hata kama wageni wametoka Nairobi na wamelipia hoteli. Wamenitukana kwa ajili hiyo, na Austin amewahi kuninunia kutwa nzima. Tumefanya hivyo misimu miwili na hakuna aliyekwaruzwa hata kidole.

Jumamosi ile ya tarehe nane wageni walikuwa vijana wanne kutoka Nairobi wanaofanya kazi ofisi moja, na msichana mmoja kati yao alikuwa akisherehekea siku yake ya kuzaliwa. Jana yake jioni sikulipenda wingu. Lilikaa vibaya, chini sana, rangi ya sufuria. Nilimwambia Mutinda kwamba nikisikia hata manyunyu, nafunga. Asubuhi nikapiga. Mzee Hudson akasema, "Hapa ni kavu, hata umande hakuna." Valentine akasema, "Hapa ni kavu, hata umande hakuna." Mama naye akasema hivyo hivyo. Nikafurahi, kaka. Nilidhani watu watatu wakisema neno moja, huo ndio ukweli wenyewe. Haikunijia kwamba watu watatu wanaosema kitu kwa maneno yale yale wamefundishwa.

Nikamwambia Mutinda serikali imeruhusu.

Nilikuwa nimekaa kwenye mdomo wa korongo, huku chini wanakotokea, kando ya gari. Jua lilikuwa kali hata nikahamia upande wa kivuli. Kwanza maji yaligeuka rangi, kama chai inapotiwa majani. Kisha yakaanza kubeba povu na vijiti. Kisha nikasikia mawe yakigongana kule ndani, sauti ya lori linalomwaga kokoto. Nilipuliza filimbi mpaka mdomo ukachanika, ingawa filimbi haikuwa na faida yoyote mbele ya kishindo kile. Na katika maji yale yalipita mahindi. Mahindi machanga, ya urefu wa goti, yamesimama na mizizi yake na udongo mwekundu. Mashamba ya watu ambao hata umande hawakuuona yalikuwa yakipita mbele ya miguu yangu.

Nilijua hapo hapo. Sikujua ni kwa nini, lakini nilijua mmenidanganya.

Mutinda alikuwa ameyaona maji yalipoanza kubadilika, akawapandisha wageni kwenye jiwe lililochomoza ukutani, mmoja mmoja, kwa kamba. Watatu walifika. Yule msichana wa siku ya kuzaliwa aliishiwa nguvu akiwa ananing'inia, na Mutinda akabaki chini akimsukuma kwa mabega mpaka wenzake wakamshika. Yeye mwenyewe hakuwahi. Jiwe lilimbana mguu kwenye ukuta, na alikaa hivyo, amejifunga kamba kifuani, maji yakimpanda na kumshuka, mpaka yalipopungua. Tulipomtoa alikuwa na fahamu. Hospitali wakaukata mguu chini ya goti.

Ni mtu wa kupanda majabali, kaka. Hana kazi nyingine anayoijua.

Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza aliniangalia, akauliza kama serikali imejiuzulu. Ndivyo alivyo, atafanya mzaha hata kaburini. Mke wake Mumbe hakucheka. Aliniambia maneno matatu tu: wewe ulimwambia aende. Na ni kweli. Austin naye aliniita pembeni, akaniuliza nimweleze kwa uaminifu kama kweli niliwauliza watu wa juu, au niliangalia mbingu nikakisia. Nikamwambia niliwauliza wote watatu na wote walisema ni kavu. Akasema, "Tryphena, hao ni watu wako. Kwa nini watu wako wakudanganye?" Niliona wazi kwamba haniamini, na mimi mwenyewe sikuwa na sababu ya kumpa.

Sababu nimepewa na Valentine. Alikuja hospitali Jumanne na ndizi mkononi, akakaa kwenye benchi ya nje, hakutaka kuingia. Alianza kulia kabla ya kusema. Ndiye aliyenieleza habari za baraza lako.

Alisema mwezi uliopita, mvua ya kwanza iliponyesha, nilimpigia akaniambia kwa furaha kwamba imenyesha usiku mzima. Hilo nalikumbuka. Siku hiyo tulifunga korongo, na Austin, kwa kutaka kujifariji, akaweka picha ya maporomoko kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni, akaandika kwamba Ngulukenyi imepata mvua nzuri. Wale maofisa wa chakula cha msaada wakaiona. Wakakupigia wewe kama mzee wa kijiji, wakakuuliza kwa nini unaandikisha watu wa njaa mahali penye mvua. Ukaaibika. Ukaita baraza. Ukasema kuanzia siku hiyo, yeyote atakayepiga kutoka chini akiuliza habari za mvua, jibu ni moja, na ukawafundisha jibu lenyewe. Mtu mmoja akauliza, je, akipiga Tryphena? Valentine anasema ulijibu hivi: "Hasa huyo."

Hasa huyo. Nimekuwa nikiyarudia maneno haya nikiwa natembea, nikiwa naosha vyombo.

Usije ukaniandikia kwamba siijui njaa. Nilikula nawe uji ule ule wa chumvi. Najua kwamba misimu mitatu haikutoa kitu na kwamba mvua ya mwezi mmoja haijazi ghala. Valentine anasema uliwaambia watu kwamba mvua haipikwi, na hapo ulisema kweli tupu. Basi kwa nini hukuwaambia maofisa hivyo hivyo? Imenyesha, na bado tuna njaa. Mahindi yako magotini, mje myaone. Ni maneno ya kweli na hata mtoto anaweza kuyasema. Na kama uliogopa hawatakusikiliza, ungenipigia mimi. Ungesema, Tryphena, mwambie bosi wako aache kutangaza mambo yetu. Ningeifuta ile picha siku ile ile kwa mkono wangu, na simu zangu za asubuhi zingebaki siri yetu. Namba yangu unayo. Uliitumia upesi sana ulipohitaji nikubebee lawama.

Lakini hukuona haja. Ulikuwa na muhuri na kiti cha mbele, ukaona ni rahisi zaidi kuwafundisha watu wazima sentensi moja kama watoto wa chekechea. Mzee Hudson, aliyetufundisha sisi kutosema uongo, ulimfundisha kusema uongo. Mama pia.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo hulijui.

Unadhani Mama yuko Mboghoni kwa dada Teresia, anasaidia kuvuna maharagwe. Ndivyo alivyokuaga. Mama yuko hapa kwangu. Ameketi kwenye kitanda changu ninapoandika, anachambua mchele. Alifika Jumapili mchana, amevaa nguo ya kanisani, hakutaka hata chai, akaniambia nimpeleke kwa yule kijana aliyekatwa mguu. Nilidhani anataka kumwombea.

Mumbe alikuwepo. Mama alikataa kiti akabaki amesimama miguuni mwa kitanda. Alisema kwamba usiku ule wa Ijumaa mvua ilinyesha tangu jioni, ilipumzika kidogo alfajiri, na nilipopiga mto ulikuwa umekwisha kuvuka mawe ya kufulia. Alisema aliyaona hayo yote kwa macho yake na bado akanijibu alivyoambiwa ajibu. Kisha akasema jambo ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Alisema kabla ya kukata simu aliniuliza, "Na wewe unashuka humo leo?" Nami nikamjibu hapana, mimi nabaki nje na gari. Ndipo akasema haya basi, akakata.

"Angeniambia anashuka," Mama alisema, "ningemwambia ukweli."

Mumbe akamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Kwa hivyo mama, ulijua kuna watu wanashuka."

Mama akasema alijua.

"Watoto wa wengine."

Mama akasema ndiyo, wa wengine.

Mutinda hakufanya mzaha. Aligeuza uso akaangalia dirishani. Mumbe akamsogezea Mama kiti kwa mguu, na Mama akakaa. Mpaka leo sijui kama kiti kile kilikuwa msamaha au ni uchovu tu.

Asubuhi ile, kaka, nilipoulizwa kama nashuka, nilifurahi. Nilidhani ni mapenzi ya mama. Na yalikuwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniunguza. Sina hasira na mtu mwovu, maana hakuna mtu mwovu Ngulukenyi. Nina hasira na watu wema wanaopima maji kwa kuangalia ni mtoto wa nani atakayezama.

Jumatatu nilikwenda kikaoni na sikusema nilipiga kuwasalimu. Nilisema niliuliza, nilisema mlichojibu, na nilipoulizwa aliyewafundisha nilitaja jina lako, jina la baba yetu na cheo chako. Austin aliuliza nani anaweza kunitolea ushahidi. Mama, niliyekwenda naye, akasimama. Alisema kwa Kidawida, akichanganya Kiswahili alipoweza, na mtu wa kaunti aliyetumwa kusikiliza, ambaye ni wa huko kwetu, akawatafsiria wengine. Hakukutetea na hakukulaani. Alisema, mwanangu mkubwa alitupa maneno na mimi niliyasema, na mguu wa kijana yule uko mikononi mwetu sote wawili. Kisha akauliza kama anaweza kwenda chooni. Nilimsindikiza. Alitapika.

Kazi sijafukuzwa. Mutinda ataendelea kulipwa wakati mambo ya fidia yanashughulikiwa, na Austin amemwambia akipona atafundisha wengine kamba akiwa amekaa. Mutinda amejibu kwamba amekuwa akitafuta kazi ya kukaa tangu azaliwe. Mtu wa kaunti aliandika kwamba mvua imefika Ngulukenyi, na atawapelekea watu wa chakula. Nilimwomba aongeze hapo chini kwamba mahindi yako magotini na watu wanakula mara moja kwa siku. Aliandika, nikamwona akiandika. Kama watasoma mistari yote miwili, sijui. Wakisoma mmoja tu, njaa hiyo itakuwa pia juu yangu, nami nitaibeba. Lakini sitaibeba kwa uongo wako.

Mama anasema hapandi huko mpaka wewe ushuke. Usitume mtu. Usimtume Mzee Hudson na maneno mazuri, wala wifi na kuku. Shuka mwenyewe, uende hospitali, usimame mahali aliposimama Mama, umwambie Mumbe ulichosema barazani kwa maneno yale yale. Ukimaliza, njoo hapa ule, kwa sababu wewe ni kaka yangu na hutalala Voi na njaa wakati nina sufuria.

Korongo limefungwa mpaka mvua hizi ziishe. Litakapofunguliwa nitapiga simu tena asubuhi, na nitakupigia wewe. Sio kwa sababu nakuamini. Ni kwa sababu mto unaanzia nyuma ya boma lako, na Mungu hakuweka mlango mwingine. Ila sitaanza kwa kuuliza habari za mvua. Nitaanza kwa kukusomea majina ya wanaoshuka siku hiyo, jina la kila mmoja na mahali alipozaliwa, na wewe utanyamaza usikilize mpaka mwisho. La kwanza litakuwa langu, kwa maana nimeanza kujifunza kamba na nimemwambia Austin kwamba kuanzia sasa anayesema waende ataingia nao. Ndipo nitakuuliza kama usiku imenyesha.

Wasalimie watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Msalimie Mzee Hudson, simlaumu kuliko ninavyokulaumu wewe. Wifi Daisy mwambie sina neno naye.

Mama hajanipa salamu za kukuandikia. Nimemuuliza mara mbili.

Ni mimi dada yako,
Tryphena